Skuli ni Bure, Sare Si Bure

Mimi ni Bwana Shamba. Nilisoma kilimo Kizimbani, nikapata cheti, na tangu hapo natembea mashamba ya Unguja. Kazi yangu ni muhogo, mpunga, ndizi na minazi. Pengine utauliza: Bwana Shamba ana nini na mambo ya skuli? Skuli si ina walimu wake?

Sababu nimeiona kondeni. Kila mwaka, ukiingia mwezi wa Januari, naona muhogo unang'olewa kabla haujakomaa. Umekaa miezi sita tu ardhini. Mizizi yake ni myembamba, haijajaa. Ungeachwa miezi mitatu au minne zaidi, mwenyewe angepata mzigo wa maana. Na hiyo si njaa, maana mwenyewe hauli. Anaupakia kwenye gari la ng'ombe, anaupeleka barabarani na kuuza kwa bei anayoitaka mnunuzi. Nikimwuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Skuli zinafunguliwa, Bwana Shamba."

Asiye na muhogo huuza kuku. Asiye na kuku hukopa dukani. Na asiyekopesheka humwacha mtoto nyumbani, akasema, "Huyu ataanza mwakani."

Leo nataka tuzungumze juu ya mtoto huyo wa mwakani.

Zanzibar tulianza mapema kuliko jirani zetu wengi. Kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, skuli zilikuwa chache, na mtoto wa shamba alizipata kwa taabu. Tarehe 23 Septemba ya mwaka huo huo wa 1964, Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza kuwa elimu ni bure kwa watoto wote. Hata leo siku hiyo inaadhimishwa kila mwaka. Watoto waliingia madarasani kwa wingi, wa mjini na wa mashamba.

Lakini kitu cha bure kina mtu anayekilipia. Skuli zetu zililipiwa na karafuu. Nchi iliyokuwa ikinunua karafuu nyingi kupita zote ni Indonesia. Wao hutia karafuu katika sigara zao. Baadaye Indonesia walipanda mikarafuu yao wenyewe, mpaka wakajitosheleza. Miaka ya 1980 bei ikaanguka vibaya. Mkulima wa karafuu alikosa, na Serikali ikakosa pamoja naye. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 wazazi waliambiwa wachangie skuli. Haikuitwa ada. Iliitwa mchango. Lakini mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, na mwenziwe anayerudishwa kwa sababu ya ada, wote wawili wamerudishwa.

Nayajua haya kwa sababu nyumbani kwetu yalitufika. Mimi nilikuwa darasa la tano. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la tatu. Jioni moja baba alikaa barazani na mama, wakahesabu. Kulikuwa na mchango, kulikuwa na sare mbili, kulikuwa na viatu. Fedha zilitosha mtoto mmoja. Baba alisema yule wa kike atakaa kidogo, mpaka nazi ziuzwe. Nazi ziliuzwa, fedha zikaenda kwenye dawa za bibi yetu. Mwaka uliofuata mdogo wangu alikuwa amekwisha zoea kazi za nyumbani, na yeye mwenyewe akaona haya kukaa na watoto wadogo. Hakurudi tena.

Mtu aliyeacha skuli darasa la tatu husahau kusoma. Huyo mdogo wangu alipoolewa, alikuwa akitia dole gumba. Amekuja kujifunza upya ukubwani, katika kisomo, akiwa na watoto watatu. Sasa ni katibu wa upatu wa akina mama kijijini kwetu, na daftari lake ni safi kuliko langu. Lakini ile miaka katikati hakuna wa kumrudishia. Wewe unayesoma gazeti hili kwa kufuata mstari na kidole, nadhani unaelewa ninasema nini.

Mwaka 2015 Serikali chini ya Rais Ali Mohamed Shein iliondoa michango ya wazazi katika skuli za msingi. Jambo hilo lilikuwa kubwa, na sipendi kusikia watu wakilidharau. Siku hizi mzazi wa mtoto wa msingi hadaiwi tena fedha za chaki.

Sasa tutazame kilichobaki. Mtoto anataka sare. Msichana anataka na ushungi mweupe. Anataka viatu, soksi na mkoba. Sare moja haitoshi, maana itafuliwa lini? Anataka fedha kidogo za kula wakati wa mapumziko. Anayekaa mbali na skuli anataka nauli. Darasa la sita likikaribia, anatakiwa kwenda twisheni, na twisheni hulipiwa. Jioni yuko chuoni akisoma Kurani, na huko nako kuna kanzu na ada ya mwalimu. Kila kitu peke yake ni kidogo.

Na hiyo rangi nyeupe! Vijiji vyetu vingi vina udongo mwekundu wa kinongo. Mtoto akicheza mara moja tu, ushungi umekuwa rangi ya tofali. Sabuni nayo ni gharama. Nafikiri aliyechagua nyeupe si yeye aliyekuwa akifua.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme vitu vya mtoto mmoja vinafika shilingi 50,000. Nyumba ina watoto wanne. Jumla ni shilingi 200,000. Ukizigawa kwa miezi 12, kila mwezi ni shilingi 17,000 hivi. Mkulima wa kawaida anaweza kupambana nazo. Lakini hakuna anayemwambia alete 17,000 kila mwezi. Anatakiwa alete 200,000 katika wiki moja ya Januari.

Mfanyakazi wa ofisini mjini hupata mshahara kila mwisho wa mwezi. Shamba halilipi hivyo. Nazi huanguliwa kila baada ya miezi mitatu. Mpunga wa masika huvunwa mara moja, katikati ya mwaka. Ukifika Januari, mpunga umeliwa na muhogo haujawa. Mimi naona hapa ndipo penye shida kubwa. Watu husema mkulima ni maskini, basi. Mimi nasema pia kwamba fedha zake huja kwa msimu wake, na skuli inadai kwa msimu mwingine. Katikati ya misimu hiyo miwili yuko mtoto.

Nitawaeleza habari ya mtoto mmoja wa namna hiyo. Jina lake na la kijiji chake silitaji. Ni kijiji cha pwani, Mkoa wa Kusini Unguja. Nilikwenda huko asubuhi moja kutazama bustani ya mboga ya akina mama. Ilikuwa saa nne. Njiani nilikutana na msichana wa miaka minane hivi, anachunga mbuzi wawili.

"Shikamoo," akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Leo hukwenda skuli?"

"Sina ushungi."

Nilimfuata mpaka kwao. Mama yake alikuwa akianika mwani uani. Tuliamkiana, akanipa kiti. Nilimwuliza juu ya binti yake.

"Bwana Shamba," akasema, "skuli ni bure, hilo nalijua. Nimelisikia redioni. Lakini mtoto hawezi kwenda uchi."

Alikuwa na watoto wanne wa kusoma. Wavulana wawili wakubwa walivalishwa kwanza, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "wao wamefika mbali, wakikatishwa watapotea." Wa tatu alivaa nguo za kaka zake. Msichana alikuwa wa mwisho. Aliandikishwa, akaenda wiki ya kwanza na kipande cha kanga kichwani na ndara miguuni. Akaambiwa arudi nyumbani akakamilishe sare. Hiyo ilikuwa Januari. Siku niliyomkuta na mbuzi ilikuwa mwisho wa Machi.

"Baba yake yupo?" nikauliza.

"Yupo dago, anavua. Akileta kitu, tutamshonea. Na mimi nangoja mwani huu ukauke."

Hapa niseme kidogo juu ya mwani. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Tangu hapo akina mama wengi wa Paje, Bwejuu na Jambiani wamewavalisha watoto wao kwa fedha za mwani. Lakini mwani hukaa wiki sita hivi baharini, na huvunwa maji yakitoka sana, wakati wa bamvua. Kukija jua kali na maji ya moto, unaoza. Bei yake haipangwi na anayelima. Tena siku za bamvua mikono haitoshi, na watoto huitwa pwani kusaidia. Basi mwani huo huo unaomnunulia mtoto sare ndio unaomtoa darasani siku mbili tatu kila bamvua. Simlaumu mama. Nasema nilichokiona.

Nilikwenda kwa Sheha. Sheha aliita mtu mmoja wa kamati ya skuli, tukaenda watatu kwa Mwalimu Mkuu. Alitupokea vizuri. Akasema, "Sisi hatukumfukuza mtoto. Tulimwambia akakamilishe."

Nilimjibu kwa adabu kwamba mtoto wa miaka minane hajui tofauti ya maneno hayo mawili. Yeye amejua kuwa amerudishwa. Mwalimu Mkuu alinyamaza kidogo. Kisha alitueleza upande wake. Sare ina faida. Inawafanya watoto wote wafanane, wa mwenye duka na wa mvuvi. Ukimwachia mmoja, kesho kumi watakuja na nguo za nyumbani. Maneno hayo yana haki yake. Lakini kitu kilichowekwa ili maskini asionekane kimefanya maskini asiwepo kabisa.

Tulikubaliana hivi: mtoto arudi kesho yake na kanga yake kichwani, na mzazi apewe muda mpaka mwani uuzwe. Akarudi. Wenzake walikuwa wakisoma silabi. Yeye alikuwa bado anatafuta herufi. Mwalimu wa darasa alimweka mbele.

Wako watu wanaobisha. Wanasema mzazi anayetaka mtoto asome hawezi kushindwa na kitambaa. Kama ameshindwa, basi ni uzembe. Watu hao nawaambia watazame nchi za jirani.

Uganda, mwaka 1997, Serikali ilifuta ada za skuli za msingi. Wanafunzi waliokuwa karibu milioni 3 walizidi milioni 5 kwa mwaka mmoja. Tanzania Bara ilifuta ada za msingi ulipoanza mpango wa MMEM mwaka 2002, na madarasa yakafurika. Kuanzia Januari 2016 Bara iliondoa ada mpaka kidato cha nne. Kenya ilifuta ada Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja waliingia skuli. Mtu akuulize: watoto hao wote walikuwa wapi jana yake? Je, wazazi milioni moja walikuwa wazembe, wakaamka siku moja wakawa hodari?

Huko Kenya alikuwapo mzee mmoja, Kimani Maruge. Aliposikia skuli ni bure, alikata suruali yake ikawa kaptula, akavaa soksi ndefu, akaenda kuomba darasa la kwanza katika skuli ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Mwaka huo wa 2004 alikuwa na miaka 84. Akapokewa, akakaa na wajukuu. Mwaka 2005 alikwenda New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kuzungumza juu ya elimu ya bure. Alifariki mwaka 2009. Angalia jambo hili: hata mzee wa miaka 84 aliona hawezi kubisha hodi skuli bila ya sare.

Na juu ya sare yenyewe, magharibi ya Kenya watafiti walifanya jaribio. Walichagua watoto wengine wakawapa sare bure, wengine hawakupewa. Waliopewa sare walikosa skuli siku chache zaidi kuliko wenzao. Na wasichana waliopewa sare walioacha skuli walikuwa wachache zaidi.

Skuli zikiwa bure watoto huwa wengi, na vyumba havitoshi. Hapa Unguja tunajua habari ya mikondo miwili, wengine asubuhi na wengine mchana. Darasa likijaa, mtoto haelewi vizuri. Asipoelewa, anatakiwa twisheni. Basi fedha iliyotoka kwa mlango wa mbele huingia kwa mlango wa nyuma. Juu ya twisheni nina maneno mengi, lakini nitayaweka kwa siku nyingine.

Nirudi kwenye kijiji kile cha pwani. Mwaka huo, baada ya mavuno ya mpunga, Sheha aliitisha mkutano chini ya mwembe. Nilialikwa niseme juu ya muhogo. Nikasema juu ya muhogo na juu ya Januari pamoja.

Mzee mmoja alisimama, akaniuliza, "Bwana Shamba, Serikali ilisema bure. Sasa wewe unatuambia tulime muhogo wa sare. Bure hiyo iko wapi?"

Swali lake ni zuri, na sikutaka kulizunguka. Nilimwambia: "Mzee wangu, una haki ya kuuliza, na uulize pia kwa diwani na kwa mwakilishi wako. Mimi ni mtu wa shamba. Ninachoweza kukupa ni namna ya kuwa na fedha mkononi siku ile zinapotakiwa."

Wakacheka kidogo, tukaendelea. Hivi ndivyo walivyofanya.

Kila nyumba iliyotaka ilitenga matuta machache ya muhogo, wakayaita matuta ya skuli. Yalipandwa masika yaliyofuata, mwezi wa Aprili, ili ikifika Januari muhogo uwe umetimiza miezi tisa. Mbegu tulitumia zile zilizotolewa na utafiti wetu wa Kizimbani, kama Mahonda na Machui, ambazo huvumilia maradhi yanayoozesha muhogo. Sharti lilikuwa moja: matuta hayo hayaguswi, hata kukija mgeni. Sharti hilo ni gumu kuliko kulima. Nyumba mbili ziling'oa kwa ajili ya harusi, na siwezi kuwalaumu sana. Harusi nayo ina wenyewe.

Wenye minazi walichagua mnazi mmoja au miwili. Kila mkwezi akiangua, fedha za minazi hiyo zinaingia kwenye kibubu, na kibubu kinakaa kwa bibi wa nyumba. Akina mama walisema wazi kuwa kibubu kikikaa kwa baba, kitafunguliwa kabla ya siku. Wanaume walinung'unika, lakini hakuna aliyekataa.

Upatu waliugeuza. Zamani zamu zilikwenda kwa kura. Sasa mama mwenye watoto wengi wa skuli hupewa zamu ya Novemba au Disemba. Kisha wawili wao walitumwa mjini kununua kitambaa. Ukienda Darajani au Mchangani wiki ya kufungua skuli, watu wamejaa mpaka njiani na hakuna wa kukupunguzia bei. Wao walikwenda Novemba, wakanunua jora zima, wakagawana kwa mita. Fundi cherehani wa kijiji alishona bila ya haraka, na alikubali kulipwa nusu kwa fedha na nusu kwa muhogo.

Sare zilizowabana watoto wakubwa zilikusanywa kwa katibu wa kamati. Hapo kulikuwa na aibu mwanzoni. Hakuna mama aliyetaka watu waone mwanawe amevaa nguo ya mtoto wa jirani. Mke wa Sheha alimaliza jambo hilo. Alichukua shati moja kuukuu mbele ya watu, akampelekea mjukuu wake.

Jambo la mwisho walilitaka kutoka kwa skuli yenyewe. Waliomba orodha ya vitu vinavyotakiwa itolewe Novemba, ibandikwe kwa Sheha, kila mtu aisome. Siku hizi wazazi wengi pale wanaweza kuisoma wenyewe. Na mtoto asiyekamilika asirudishwe; aitwe mzazi wake. Mwalimu Mkuu alikubali yote mawili, na kamati ikayaandika katika kitabu cha mkutano.

Januari iliyofuata nilipita kijijini hapo. Watoto wa darasa la kwanza walioandikishwa walikuwa wote darasani, isipokuwa mmoja aliyekuwa mgonjwa. Yule msichana wa mbuzi alikuwa darasa la pili. Mbuzi mmoja alikuwa ameuzwa. Ndiye aliyenunua viatu.

Lililobaki bila ya jibu ni nauli. Watoto wanaomaliza darasa la sita hapo hupanda gari kwenda skuli ya sekondari, na makondakta wengi hawapendi wanafunzi. Wasichana wawili tayari wameanza kukaa nyumbani siku za mvua. Kuna waliotaka baiskeli, kuna waliotaka kuzungumza na wenye magari. Kamati imepanga kulitazama suala hilo baada ya kupanda mpunga.